Mbao haiwi nyeusi kwa kutofutwa

Juzi tena. Mteja wa Shangani kaniletea paini na picha kwenye simu: kitanda cheusi tii, lakini nyuzi za mbao unazihesabu. Nikamwambia inawezekana. Akanijibu, "Si unapiga steini mikono mitano tu, fundi, halafu hufuti?"

Jamani.

Steini nyingi za dukani ni unga wa rangi uliokorogwa kwenye mafuta. Unga huo unakaa kwenye vitundu vya mbao na mikwaruzo ya msasa. Vikijaa, vimejaa. Usichofuta kinabaki juu kama tope, na mvua zetu za masika hakikauki leo wala kesho. Vanishi utakayopiga hapo imeshika tope, haikushika mbao. Mtoto ataibandua kwa kucha. Kama ndicho unachotaka, nunua rangi nyeusi ya mlango, tusisumbuane.

Kinachoniudhi zaidi ni msasa. Vijana wanataka mbao iteleze kama sahani: wanamaliza na namba 320, kisha wanailaumu steini. Unga ushike wapi? Ishia 120 au 150, na ufuate nyuzi, maana mkwaruzo uliokata nyuzi utatokea mweusi kama paka kapita. Vichwa vya mbao, pale msumeno ulipokata nyuzi, ni kinyume: vinakunywa kupita kiasi, kwa hiyo hapo ndipo uende 240. Ubao mmoja, misasa miwili. Nimelisema hili mpaka koo limekauka.

Weusi wa kweli unaanzia chini. Lowanisha mbao, ikikauka ondoa vinyuzi vilivyosimama, kisha paka rangi ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji, ile ya wasuka mikeka. Inazama kuliko steini. Ilale usiku mzima. Steini nyeusi inafuata juu yake, na unafuta. Ndiyo, unafuta! Kasoro ya hiyo rangi ya mikeka ni jua: stuli yangu iliyokaa dirishani imegeuka zambarau.

Kuna pia stilwaya iliyolowekwa kwenye siki siku kadhaa. Chuma kinakutana na tanini, ule ukakasi uliomo ndani ya mbao, weusi unazaliwa humo humo. Paini haina tanini ya maana, kwa hiyo tangulia na chai kali ya rangi au maji ya magome ya mkoko. Kwenye vitu vyangu naitumia. Kwenye kazi ya mtu naiogopa: mbao mbili nilizopaka siku moja, moja ikatoka kama mpingo, nyingine kijivu cha mawingu.

Yule mteja nilimpakia kipande cha paini yake. Kilipokauka kikawa kama majivu, akanuna. Nikapitisha kitambaa chenye maji, weusi ukarudi. Vanishi itafanya hivyo hivyo, ila weusi wake hauondoki ikikauka. Akakishika, akakigeuza juani.

"Sawa fundi. Sasa ukiongeza mkono mmoja bila kufuta?"