Moshi wa Jikoni: Maswali Yanayoulizwa Kila Mara

Bibi yangu amepikia kuni tangu usichana wake na bado yu mzima. Mbona mnatutisha?

Hata mvuta sigara aliyefikisha miaka 90 hakosekani mtaani. Waliokwisha kuondoka ndio hatuwasikii wakisimulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa kupikia nyumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, wakiwamo watoto zaidi ya 237,000 wa chini ya miaka mitano. Halafu mwulize bibi kama kifua hakimbani alfajiri, na kama bado anaweza kutunga uzi kwenye sindano. Mtoto wa jicho naye ana undugu na moshi.

Moshi unaingia kifuani. Presha inatoka wapi?

Chembe kubwa za masizi hunaswa puani. Ndiyo maana ukipenga kamasi baada ya kupika huwa jeusi. Zinazodhuru zaidi ni zile zisizofika mikromita 2.5, wakati unene wa unywele ni kama mikromita 70. Hizo hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu, na nyingine huvuka kuingia kwenye damu. Huko huumiza mishipa, ndipo zinapokuja presha, kiharusi na mshtuko wa moyo. Kwa watoto, ugonjwa wa kuogopwa zaidi ni nimonia.

Mkaa ukishakolea hautoi moshi. Si salama huo?

Hapa ndipo watu wanapopoteza maisha. Mkaa unaowaka hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hung'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, kwa hiyo mtu hukosa hewa huku anapumua. Kwenye baridi ya Juni na Julai, Makete au Lushoto, jiko huingizwa chumbani, mlango ukafungwa, familia ikalala. Kufunika makaa kwa majivu hakuzuii gesi hiyo. Kichwa kikianza kugonga, kizunguzungu na kichefuchefu vikafuata, tokeni nje wote, kisha mwende hospitali. Maziwa, ambayo watu hukimbilia kumnywesha mgonjwa, hayasaidii.

Na magari, je? Na jalala?

Nayo yamo, hasa dizeli ya magari chakavu na plastiki zinazochomwa uani jioni. Mfuko au ndala ikiungua hutoa sumu kuliko kuni. Afadhali takataka zisubiri gari la taka.

Gesi ni ghali. Nifanyeje?

Ni kweli. Mkaa unanunua kopo kwa kopo, mtungi unataka fedha zote kwa mkupuo. Mkakati wa serikali ya Tanzania wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia, lakini chakula cha leo hakingoji 2034. Kama una umeme, jiko la presha la umeme huivisha maharage kwa umeme kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kama huna, pikia nje au penye upepo wa kupita, tumia kuni kavu, loweka maharage tangu usiku, funika sufuria. Na mtoto mchanga usimbebe mgongoni unapochochea moto. Mwachie dada yake barazani.