Yurea inapogeuka hewa

Mwaka jana mkulima mmoja wa mahindi huku Njombe aliniambia mvua imeosha mbolea yake yote ya kukuzia, yurea. Nikamuuliza kama aliifukia. Hapana, aliirusha juu ya udongo wenye unyevunyevu, yakaja manyunyu, kisha jua kali siku nne mfululizo. Yurea ile haikuoshwa. Ilipaa.

Yurea ni molekuli ndogo: kaboni moja katikati, oksijeni ubavuni, na vikundi viwili vya NH2. Uzito wake ni 60, na 28 kati ya hizo ni naitrojeni, ndiyo maana mfuko huandikwa 46%. Kilo 50 zina kilo 23 za naitrojeni. Kiwandani huundwa kwa kuunganisha amonia na kaboni dioksaidi kwa joto na mgandamizo mkubwa. Shikilia hapo, kwa sababu udongo huirudisha yurea kulekule: amonia na kaboni dioksaidi.

Maji peke yake huivunja polepole mno. Kinachoivunja upesi ni yureasi, kimeng'enya (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) kinachotoka kwa bakteria wa udongo na mabaki ya mimea. Mwaka 1926 Mmarekani James Sumner alikipata katika umbo la fuwele kutoka mbegu za Canavalia ensiformis, jamii ya maharage, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kwa kimeng'enya chochote.

Hata soya mbichi inacho. Koroga kijiko cha yurea kwenye gilasi ya maji, uishike: inakuwa baridi, kwa kuwa yurea ikiyeyuka hufyonza joto. Ongeza kijiko cha unga wa soya isiyokaangwa, usubiri. Karatasi nyekundu ya litmasi iliyoloweshwa, ukiishikilia juu ya gilasi, itageuka bluu, dalili kwamba amonia inapanda, na harufu ya zizi la mbuzi itakufikia. (Gilasi hiyo usiinywee tena.)

Shambani ni hivyohivyo. Amonia ikikutana na tindikali ya udongo hunasa haidrojeni na kuwa amoniamu, NH4+, yenye chaji chanya, na udongo wa mfinyanzi huishikilia. Wakulima wengi huku huniambia, "Mtaalamu, udongo wetu una tindikali, kwa hiyo tuko salama." Hapana. Punje inapovunjika hupandisha pH (kipimo cha tindikali; ikipanda, tindikali hupungua) ya udongo unaoizunguka, hata kufikia 8 au 9, na hapo sehemu ya amonia hubaki gesi. Punje ikiwa juu, gesi hiyo haina cha kuizuia. Ikiwa sentimita tano chini, lazima ipite kwenye udongo wenye tindikali, na njiani hunaswa.

Kwa hiyo ninachokiogopa zaidi ni manyunyu, si mvua kubwa. Yurea ambayo haijavunjika haina chaji, hivyo mvua ya kutosha huishusha pamoja na maji kabla yureasi haijaimaliza. Manyunyu huamsha kimeng'enya tu na kuiacha mbolea juu.

Msimu huu yule mkulima alichimba vijifereji, upana wa kiganja kutoka kwenye shina, akafukia. Kwa ruhusa yake niliacha mstari mmoja bila kufukia, nikafunika makopo mawili, kila moja na litmasi nyekundu yenye unyevu ndani. Siku ya tatu tuliyafunua pamoja. Karatasi ya mstari uliofukiwa ilikuwa bado nyekundu. Ile nyingine aliishika mwenyewe, akaigeuza juani, bluu tupu, akaniomba karatasi nyingine akamwonyeshe jirani yake.