Kabla ya fungulia mbwa: bei ya tiketi na majukwaa matupu ya Dodoma

Mbukwenyi wadau. Wiki hii watu watatu tofauti wameniuliza swali lilelile, kwamba eti tiketi za mechi za hapa kwetu zikiwa na bei ya kupanda na kushuka kama za ndege, watu watajaa uwanjani? Mi kazi yangu ya kila siku ni kupanga bei za vyumba vya hoteli hapa Dodoma, alafu wikiendi nawasaidia jamaa wa timu moja ya daraja la chini mambo ya getini, kwa hiyo hili swali linanigusa pande zote mbili. Jibu langu ni ndiyo, inawezekana, ila bei ishuke mapema na ishuke kwa watu maalum, isishuke mwishoni kwa kila mtu. Na siku ya Simba au Yanga tuwe na adabu kidogo.

Kwanza tuache kujifanya bei ya kubadilika ni kitu kigeni. Nenda soko la Majengo asubuhi uulize fungu la nyanya, alafu pita tena saa kumi na mbili jioni kwa mama yuleyule, atakwambia "chukua baba, weka buku hapo, nisirudi nazo nyumbani". Bunge la bajeti likianza mwezi wa nne jaribu kutafuta chumba mjini kwa bei uliyolala mwezi wa pili uone. Bando la usiku nalo ni nini, si ni intaneti ileile tu inauzwa rahisi saa ambazo wengi wamelala. Sisi tumezaliwa humo, ni vile tu tiketi ya mpira imebaki buku tatu au buku tano mzunguko (yale majukwaa ya kawaida), iwe mechi ya jumamosi ya mwisho wa mwezi au jumatano ya tarehe 14 watu mifuko imekauka.

Na kiti cha uwanjani kinaoza haraka kuliko nyanya. Nyanya ya leo kesho bado utaipikia mchuzi, kiti ambacho hakijakaliwa mpaka refa anapuliza cha mwisho kimekwisha, hukiuzi tena. Ndo kama chumba changu cha hoteli, usiku ukipita kimelala kitupu hiyo hela hairudi. Kwenye vitu vya namna hii ndipo bei ya kubadilika ilipozaliwa, kwenye ndege, kwenye hoteli, na baadaye kwenye michezo. San Francisco Giants, timu ya besiboli ya Marekani, walijaribu mwaka 2009 kwa viti kama 2,000, mwaka uliofuata wakaweka uwanja mzima, bei inacheza kulingana na mpinzani, siku, hadi hali ya hewa.

Sasa hapo ndo wengi wanapotea njia. Wanaona mfano kama ule wanasema tulete mfumo huo hapa. Lakini kwa wenzetu sehemu kubwa ya faida inatoka kwenye mechi zinazogombaniwa, ambazo walikuwa wanaziuza rahisi na chenji yote inaliwa na walanguzi. Sisi chukua Dodoma Jiji, Walima Zabibu wetu, kwenye ligi ya timu 16 ina mechi 15 za nyumbani kwa msimu. Simba na Yanga hapo ni mechi 2. Zinabaki 13, na kwenye hizo 13 shida yetu ni mtu ambaye hata wazo la kuja hana. Mfumo wa kupandisha bei haumleti huyo.

Mwezi uliopita nilikuwa getini kwenye mechi ya timu yetu hiyo ndogo. Kiingilio buku mbili. Nje ya geti kuna kundi kama la vijana 40 hivi, boda zimepaki zimeegemezwa ukutani, wanatafuna karanga, wanasikiliza kelele za ndani na kuulizana "nani kafunga?". Kijana mmoja ananifahamu maana huwa ananipeleka Ilazo, akanifuata akasema "kaka, mnafungulia dakika ya ngapi leo?" Hakuuliza kiingilio bei gani, kauliza mnafungulia dakika ya ngapi. Nikamwambia leo hatufungulii, akacheka, akarudi kukaa juu ya pikipiki yake. Na kweli, dakika ya 65 mzee mmoja wa kamati akaona majukwaa yanatia huruma, akaamuru geti liachiwe. Wale 40 wakaingia wanakimbia, na yule wa boda akanipungia mkono.

Hiyo ndo fungulia mbwa, na mi naiita bei ya kubadilika mbaya kuliko zote. Ukiiangalia vizuri ni punguzo la asilimia mia, linatolewa kwa mtu aliyechelewa, na aliyekuja saa tisa na nusu akalipa buku mbili zake kamili anabaki anajiona bwege. Mechi inayofuata huyo naye anakaa nje. Tumewafundisha watu wetu kwa miaka kwamba ukisubiri, bei inashuka, na somo hilo wamefaulu wote. Kwenye hoteli nilishalifanya kosa hilohilo mwaka wangu wa kwanza, nilikuwa nashusha bei saa mbili usiku vyumba vikibaki, baada ya miezi michache wateja wangu wa kudumu wakawa hawachukui tena chumba mchana, wanakaa baa ya jirani wanakunywa soda wakinisubiri nilainike.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza, bei inaanzia chini na inapanda kuelekea siku ya mechi, hairudi nyuma hata mvua inyeshe. Jumatatu mpaka alhamisi kwa simu buku tatu, ijumaa buku nne, getini buku tano. Mtu akijua kwa uhakika kwamba jumamosi haitakuwa rahisi kuliko alhamisi, basi ana sababu ya kulipa alhamisi, na mtu aliyeshalipa alhamisi hata wenzake wakimwita sehemu nyingine jumamosi atasema bana nina tiketi.

Lakini usishushe tu kwa wote ukadhani umemaliza. Tufanye hesabu ya mfano, namba hizi natunga ili tuelewane. Una watu 800 wanaolipa 5,000, hiyo ni milioni 4. Ukishusha kwa wote iwe 3,000, ili upate milioni 4 ileile unahitaji watu 1,334, yaani ongezeko la theluthi mbili kutoka popote pale, na mi sijaona punguzo la buku mbili linaloleta ongezeko hilo mechi baada ya mechi. Mashabiki waliozoea kuja wangekuja hata kwa buku tano, umewapa zawadi tu. Na kumbuka kwenye ile buku tano, kama 763 ni VAT ya asilimia 18, bado uwanja haujachukua chake, bado na makato mengine.

Sasa njia ya pili, unabaki na buku tano ila unauza ya buku mbili kwa wanachuo. Wakija 500 wapya umepata milioni 1 juu. Safi. Ila ikitokea kati ya wale 800 wa zamani kuna 300 ambao nao wamepata njia ya kununua hiyo ya buku mbili, kila mmoja umepoteza kwake 3,000, jumla laki tisa, faida yako yote imebaki laki moja. Ndo maana sisi wa kazi hii tunahangaika sana na uzio. Bei ya chini lazima iwe na uzio ambao mwenye uwezo wa kulipa zaidi anaona uvivu kuuruka: kitambulisho cha chuo, kununua watano kwa pamoja, kuingia kabla ya saa tisa alasiri na lile jua letu la Dodoma. Huo wa kuingia mapema naupenda maana hauhitaji karatasi yoyote, jua lenyewe linakusaidia kuchuja, na waliowahi wananunua maji na ubuyu kwa kina mama pale nje.

Hapa kwetu pia tuna kalenda ambayo wenye timu wakikaa nayo nusu saa tu wataona pesa. Huu ni mji wa mshahara. Tarehe ishirini na kitu mishahara ya serikali ikiingia, jumamosi inayofuata mtu anatoka na familia, hapo huna sababu ya kushusha kitu. Wiki ya pili ya mwezi ni ukame. Alafu kuna boom, ile hela ya kujikimu ya mkopo wa wanachuo. UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, pale juu ni maelfu ya vijana wanaopenda mpira na hawana pa kwenda jumamosi, boom ikitoka wana hela kwa siku chache, kabla haijaisha wauzie kifurushi cha mechi nne kwa pamoja, baada ya hapo hata ukiwapa buku moja utasikia "bro, nauli je?"

Na nauli ndo sehemu ambayo sisi wapanga bei hatupendi kuisema, kwamba tiketi ni kipande tu cha gharama. Mtu wa Nzuguni au Nkuhungu akihesabu kwenda na kurudi, maji, na kitu cha kutafuna, tiketi inaweza ikawa hata nusu haifiki. Upande wa pili kuna kibanda umiza, pale watu wanapoangalia mpira kwenye TV kwa jero au buku, au sebuleni kabisa, maana kwa mkataba wa Azam TV na TFF, shirikisho letu la mpira, wa mwaka 2021, ule wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6, mechi za Ligi Kuu mtu anaziona akiwa amekaa kwenye kochi. Sisemi mkataba ni mbaya, hela zake ndo zinalisha klabu nyingi, na kwa kweli ndo zinaipa klabu nafasi ya kujaribu bei za chini bila kufa njaa. Nasema tu kwamba mshindani wa mzunguko wa buku tano ni kochi.

Kuna na muda. Mechi ya jumatano saa kumi kamili jioni, mfanyakazi wa wizara pale Mtumba, kwenye mji wa serikali, anatoka saa tisa na nusu, yuko zaidi ya kilomita 15 kutoka mjini, akifika uwanja wa Jamhuri ni kipindi cha kwanza kinaelekea mwisho. Huyu hata ukimuuzia buku moja humpati kwa dakika 90. Ila unaweza ukamuuzia kihalali tiketi ya kipindi cha pili kwa nusu bei, inayotangazwa kabla, ya kulipia kwa simu, siku za kazi tu. Najua nimetoka kuisema vibaya fungulia mbwa na hii inafanana nayo, tofauti ni kwamba hapa analipa, na anayesubiri nje anakosa kipindi kizima bila kupata cha bure.

Njoo kwenye Simba na Yanga. Hapa kila mwenye timu anataka kupandisha, mzunguko unakuwa elfu kumi, na kiuchumi hana kosa, uwanja utajaa vyovyote. Ila shabiki anapokea vipi? Liverpool mwezi wa pili mwaka 2016 walitangaza tiketi ya pauni 77, mashabiki kama 10,000 wakanyanyuka dakika ya 77 kwenye mechi na Sunderland wakaondoka, timu ilikuwa inaongoza 2-0 ikamaliza 2-2, na wiki hiyohiyo wamiliki wakarudi nyuma. Mi ningefanya kama bando: elfu kumi kwa anayetaka Mnyama, yaani Simba, peke yake, elfu kumi na mbili kwa anayechukua Mnyama na mechi mbili ndogo. Yule anayekuja mara moja kwa msimu akivaa jezi nyekundu umemuwekea mechi mbili mfukoni, na hata akimpa mdogo wake hizo tiketi, mdogo wake atakuja.

Kuhusu kulipa unachotaka, maana nalo niliulizwa. Mansfield Town ya Uingereza walifanya mwaka 2010 kwenye mechi na Gateshead, wakaja watu zaidi ya 7,000, umati ambao hawakuuzoea kabisa. Kwa siku moja inanoga, inaleta habari. Kila wiki ni fungulia mbwa iliyovaa suti.

Nikiri na la kwetu. Tulijaribu bei ya mapema kwa simu mwezi wa nane, watu 60 na kitu wakalipa kabla, tukafurahi, siku ya mechi mtandao ukakata getini, hatuna orodha iliyochapishwa, foleni ikafika barabarani, goli la kwanza likafungwa watu walioshalipa wako nje wananitukana mama yangu. Wengine sijawaona tena. Kwa hiyo kabla ya kununua mfumo wowote wa kisasa, chapisha majina kwenye karatasi, na mwenye tiketi ya mapema apewe mlango wake.

Sa hivi tumekubaliana mechi sita zijazo bei ya mapema na ya getini, na geti halifunguliwi bure mpaka dakika ya 90, mzee wa kamati kakubali kwa shingo upande. Nina daftari la shule la kurasa 48, naandika tarehe ya mechi, siku ngapi tangu mshahara, waliolipa kabla, waliolipa getini, na safu ya mwisho ni idadi ya pikipiki zilizopaki nje dakika ya 60. Mechi ya kwanza zilikuwa 31. Ya pili 26.