Je, wajua Kenya Airways ni ya nani?

Ndege ya Kenya Airways (KQ) ikitua Uwanja wa Moi, pale Port Reitz, wengi wetu hapa Mombasa huiita ndege ya serikali. Wana haki kidogo, si yote.

Shirika lilizaliwa 1977, East African Airways, shirika la pamoja la Kenya, Uganda na Tanzania, lilipovunjika, na wakati huo lilikuwa mali ya serikali kamili. Mwaka 1996 likabinafsishwa. KLM, shirika la ndege la Uholanzi, ilichukua asilimia 26, wananchi na wafanyakazi wakanunua hisa kupitia soko la Nairobi, serikali ikabakiwa na 23 tu. KLM haikuleta fedha peke yake. Ilileta pia abiria waliounganishwa kupitia Amsterdam, kitu ambacho hazina ya taifa isingeweza kununua.

Kwa miaka kadhaa faida ilipatikana. Kisha zikaja ndege mpya za mikopo wakati watalii wanapungua, na katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2016 hasara ikafika shilingi bilioni 26.2. Mwaka 2017 madeni yaligeuzwa kuwa hisa: serikali ikapanda hadi asilimia 48.9, mabenki ya humu nchini yakapata 38.1, KLM ikashuka hadi 7.8. Aliyeumia zaidi ni mwananchi aliyenunua hisa zake chache kwa akiba, maana fungu lake lilisinyaa bila yeye kuuza hata moja. Hilo hadi leo linaniuma.

Sasa, haya yanatuhusuje Pwani? Kwa mujibu wa Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ndiyo mwenye anga lake. Kampuni binafsi ya nje, hata iwe na ndege na abiria tele, haitui Mombasa mpaka serikali iridhie. Na serikali inayotoa ruhusa ndiyo hiyo hiyo yenye hisa nyingi KQ, ambayo makao yake ni Nairobi. Ndiyo maana wenye hoteli za Pwani wamepiga kelele miaka nenda miaka rudi wakitaka anga lifunguliwe.

Januari 2024 flydubai, shirika la ndege la Dubai, ilianza kuja Mombasa moja kwa moja kutoka Dubai. Mgeni wa aina hiyo hashuki Nairobi kwanza, na fedha zake zinaanza kutumika hapa hapa, kuanzia kwa dereva wa teksi wa Changamwe. Ruhusa kama hizo ziongezwe, hata kama KQ italazimika kushindana.