Maana ya shodo: mwandiko wa brashi wa Wajapani na utulivu wa moyo

Shodo ni neno la Kijapani lililoundwa kwa vipande viwili: sho, yaani maandishi, na do, yaani njia. Hiyo do ndiyo ile ile tunayoisikia katika judo, kendo na aikido, michezo ya mapigano ya Kijapani, na maana yake si barabara tu, bali ni kazi ambayo mtu huishika kwa miaka mingi, akijifunza kwa mwalimu na kurudia yale yale, mpaka kazi hiyo nayo ikaanza kumlea yeye mwenyewe. Kwa sababu hiyo, anayetafsiri shodo kuwa ni kaligrafia au hati nzuri hajakosea, lakini amechukua nusu ya neno. Hati nzuri huishia kwenye karatasi, ilhali shodo humhusu pia aliyeketi mbele ya karatasi hiyo, namna anavyopumua, na hali ya moyo wake wakati brashi inapogusa.

Utulivu unaotajwa pamoja na shodo nao unahitaji kufafanuliwa, kwa kuwa watu wengi hudhani ni kuondoa mawazo yote kichwani. Kiswahili kinatusaidia hapa. Maji ya mtungi yaliyotikiswa hutulia yakiachwa: tope halitoweki, bali hushuka chini, na maji ya juu yakawa maangavu. Ndivyo ilivyo kwa anayeandika. Madeni yake, ugomvi wa jana na kazi ya kesho vinabaki palepale, lakini kwa muda mfupi havimtibui, kwa sababu mkono, jicho na pumzi vimepewa kazi moja inayovihitaji vyote kwa pamoja.

Kazi hiyo huanza kabla ya kuandika. Vifaa vikuu vya shodo ni vinne, na tangu zamani huko China na Japani huitwa hazina nne za chumba cha msomi: fude, ambayo ni brashi ya manyoya ya mnyama, sumi, kipande cha wino mkavu, suzuri, jiwe la kusagia wino huo, na karatasi. Sumi hutengenezwa kwa masizi yanayochanganywa na gundi ya mnyama na manukato kidogo, kisha mchanganyiko huo hukandwa, ukatiwa katika kalibu za mbao na kukaushwa polepole. Mji wa Nara ndio kitovu cha kazi hiyo hadi leo, na hufanywa miezi ya baridi kwa kuwa gundi huharibika kwenye joto.

Suzuri ina sehemu mbili, na majina yake yanapendeza: uwanda wa juu huitwa nchi kavu, na shimo la mwisho huitwa bahari. Mwandishi hutia matone machache ya maji kwenye nchi kavu, akasugua sumi kwa mizunguko ya taratibu, na wino unapokolea huusukuma uteremke baharini. Hakuna namna ya kuiharakisha kazi hii bila kuiharibu, maana anayekandamiza kwa nguvu hupata wino wenye chembechembe. Wajapani wana msemo unaosema kwamba wino usagwe na mzuka mwenye njaa na brashi ishikwe na zimwi, wakimaanisha kwamba mkono wa kusaga uwe mlegevu kama wa asiye na nguvu, na mkono wa kuandika uwe imara. Dakika hizo za kusaga, harufu ya sumi ikipanda na maji yakigeuka meusi kidogo kidogo, ndizo ninazoziona kuwa mlango wa shodo. Siku hizi wino wa chupa umeenea, hasa shuleni, na unaokoa muda, lakini anayeutumia kila mara amejinyima sehemu ambayo hasa humtuliza mtu.

Kisha huja karatasi. Ile ya mazoezi, iitwayo hanshi, ina upana wa takriban sentimita 24 na urefu wa sentimita 33, ni nyepesi, na hunyonya wino mara moja. Hutandikwa juu ya kitambaa kizito na kuwekewa kitu cha kuikandamiza upande wa juu isiteleze. Brashi ikisita mahali pamoja, wino husambaa na kuacha doa. Ikipita mbio, mstari hutoka mkavu na wenye mapengo. Kanuni inayofundishwa tangu siku za mwanzo ni kwamba mstari ukishapigwa haurudiwi wala haupakwi juu ili kuficha kasoro. Maji yakimwagika hayazoleki, na wino wa sumi ni hivyo hivyo. Aliyekosea humaliza herufi yake, akaiweka pembeni, akachukua karatasi nyingine.

Nionavyo mimi, chanzo cha utulivu wa shodo kiko katika kanuni hii kuliko katika jambo lingine lolote. Mtu anayejua kwamba hawezi kufuta hulazimika kuwapo hapo alipo. Hawezi kuuwazia mstari wa tatu ilhali yumo katika wa kwanza, wala hana faida ya kuujutia uliopita, kwa kuwa majuto hayo yataonekana katika unaofuata. Kila mstari una namna yake ya kumalizika: kuna kutua, ambako brashi husimama kabisa kabla ya kuinuliwa, kuna kurusha ncha, ambako humaliziwa kwa mdukuo mfupi, na kuna kufagia, ambako brashi huinuliwa ikiwa bado inakwenda mpaka mstari ukawa mwembamba na kuisha. Herufi hizi ni alama zinazobeba kila moja maana yake, na wanafunzi huzoezwa kwa ile inayosomwa ei, yenye maana ya milele, kwa sababu ndani yake mna aina nane za mistari ya msingi. Pumzi hufuatana na mistari hiyo, na hata asiyeambiwa jambo hili huligundua mwenyewe, kwani pumzi iliyokatika huutikisa mkono.

Wazo kwamba moyo huonekana katika mwandiko ni la kale. Liu Gongquan, mwandishi wa China aliyeishi kati ya mwaka 778 na 865, alipoulizwa na mfalme wake jinsi ya kuitumia brashi vizuri, alijibu kwamba moyo ukiwa mnyofu, brashi huwa nyofu. Japani ilizipokea herufi za Kichina pamoja na mafundisho ya Kibudha, na miongoni mwa mabingwa wake wa kwanza alikuwa mtawa Kukai, aliyezaliwa mwaka 774 na kufariki mwaka 835. Umaarufu wake ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mpaka leo Wajapani husema hata brashi ya Kobo, jina alilopewa baada ya kufa kwake, huteleza. Msemo huo huwaliwaza wanaokosea. Baadaye watawa wa Zen, tapo la Kibudha linalotilia mkazo kutafakari, waliupeleka mwandiko mbali na urembo wa kawaida: Hakuin Ekaku, wa karne ya 17 na 18, aliandika herufi nene na zisizojali ulinganifu, nyingi akiwa mzee, na bado mtu huzitazama akahisi uzito wa aliyeziandika.

Lakini shodo si mali ya watawa. Watoto wa Japani huanza kushika brashi wakiwa darasa la tatu la shule ya msingi, na tarehe 2 Januari familia nyingi huandika maandishi ya kwanza ya mwaka, yaitwayo kakizome, kwa kuchagua maneno yanayobeba matumaini yao. Wengine hunakili sutra, yaani maandiko matakatifu ya Kibudha, kwa brashi, zoea linaloitwa shakyo. Inayonakiliwa zaidi ni Sutra ya Moyo, kwa kuwa herufi zake hazifiki 300 na mtu huweza kuimaliza kwa kikao kimoja. Mwaka 1968 Takada Koin, mkuu wa hekalu la Yakushiji mjini Nara, aliwaomba watu wa kawaida wanakili sutra hiyo na kutoa yen 1,000 kila mmoja, akilenga nakala milioni moja, ili lijengwe upya jumba kuu lililoteketea mwaka 1528. Jumba hilo lilikamilika mwaka 1976. Waliolijenga kwa mikono yao katika meza za nyumbani hawakuwa mafundi wa mwandiko. Walikuwa watu waliokubali kukaa kimya na kufuata herufi moja baada ya nyingine.

Anayetaka kulileta jambo hili katika siku zake za kawaida hahitaji kukijua Kijapani chote. Walimu huanza na herufi moja yenye mistari michache, kama ichi, yaani moja, ambayo ni mstari mmoja tu wa mlalo, na mstari huo hutosha kumshughulisha mtu kwa wiki kadhaa. Robo saa kwa siku, mahali pamoja, simu ikiwa chumba kingine, ni bora kuliko nusu siku mara moja kwa mwezi. Mtu asitarajie tiba: mwenye maradhi ya akili anastahili daktari, na shodo haichukui nafasi yake. Wala asitarajie kutulia siku ya kwanza, kwa kuwa mara nyingi karatasi za mwanzo humwonyesha mtu wasiwasi ambao hakujua kwamba anao. Inafaa karatasi hizo zihifadhiwe na kutiwa tarehe, kwa maana zikitandazwa sakafuni baada ya miezi sita zinaeleza mengi ambayo mwandishi hakuyaona alipokuwa akiandika.

Kakizome zenyewe hazihifadhiwi sana. Katikati ya Januari, sehemu nyingi za Japani, hukusanywa pamoja na mapambo ya mwaka mpya na kuchomwa katika moto mkubwa, na watoto husimama wakitazama, kwani inaaminika kwamba karatasi inayopeperuka juu zaidi ikiwa inawaka, mwandiko wa mwenyewe utakuwa mzuri zaidi mwaka huo.