Bamia, kongoro na kisu: tunavyodanganyana kuhusu gegedu la goti

Goti langu la kulia liliumia Jumapili kwenye mechi ya maveterani, nna miaka 44, wala sikugongwa na mtu, nlikuwa nageuka na mpira, mguu ukabaki umekanyaga chini mwili ukaenda, nkasikia kitu "tap" upande wa ndani. Mechi nkamaliza, tena nkatoa pasi ya goli, usiku ndo likavimba nkashindwa hata kuchuchumaa chooni. Miezi minne baadae mpwa wangu wa miaka 22 nae akaumia kwenye ndondo, ila la kwake likajifunga, yaani limekunjika kama mtu aliekaa kwenye kiti na kunyooka halitaki. Nyumba moja magoti mawili, na majirani wakatupa ushauri ule ule wote wawili. Mwisho wa siku mi sijapasuliwa, yeye kapasuliwa, na kwa ninavyoona kila mtu kapata linalomfaa. Kabla ya kufika hapo lakini tumelishwa maneno mengi, nayaweka hapa na majibu yake.

"Ute wa goti umeisha, kula bamia"

Hii ndo mama yao. Ukishika goti tu mtu anakwambia ute umekauka, chemsha bamia, kunywa maji yake asubuhi. Kwanza ute wa goti sio oili ya gari kwamba inavuja inaisha, kuna utando ndani ya goti unautengeneza kila siku, na goti likiumia mara nyingi maji yanazidi badala ya kupungua, huo uvimbe unaouona ndo maji yenyewe. Ute wa bamia ukifika tumboni unashughulikiwa kama chakula kingine chochote, hauna barabara ya kwenda gotini. Supu ya kongoro hivyo hivyo, ile nata nata yake tumbo linaivunja vunja inakuwa protini ya kawaida. Mi kongoro nakula, na ndimu na pilipili, ila nakula kwa sababu ni tamu.

Na vile vidonge vya glukosamini vinavyouzwa kama dawa ya gegedu kwa bei ya kutisha? Marekani walivifanyia utafiti mkubwa uliotoka 2006, watu 1,583 wenye magoti yaliyochakaa, wengine wakapewa vidonge vyenyewe wengine vidonge hewa visivyo na dawa ndani, na kwa ujumla vya kweli havikuvishinda vile hewa.

Kinachoumia ni nini sasa? Ukila paja la kuku angalia ncha ya mfupa, ule weupe unaong'aa ambao ukiutafuna unalia, hilo ndo gegedu, na sisi tunalo hivyo hivyo kwenye ncha za mifupa. Alafu katikati ya mfupa wa paja na wa chini yake kuna vipande viwili vya gegedu gumu zaidi, umbo la mwezi mchanga, kimoja ndani kimoja nje, vinaitwa meniskasi, kazi yake kama washa ya bomba, vinapokea uzito. Cha muhimu hapa na nitakirudia: kila meniskasi ukingo wake wa nje unapata damu, ukingo wake wa ndani, ule unaoelekea katikati ya goti, haupati. Pasipo na damu pakichanika kupona penyewe ni ngumu sana.

"Eksirei imetoka safi, goti lako zima"

Eksirei inaonyesha mifupa. Gegedu halionekani, labda daktari akisie kwa kuangalia ile nafasi kati ya mifupa kama imebana, na hapo ni vizuri upigwe umesimama uzito ukiwa juu ya mguu, mi ya kwanza nlipigwa nimelala. Ikitoka safi maana yake hujavunjika, basi. Gegedu linaonekana kwenye MRI, kile kipimo cha picha kinachotumia sumaku.

"MRI imesema limechanika, kwa hiyo lazima kisu"

Hapa ndo nlitaka kuumia. Hospitali ya kwanza daktari aliisoma ripoti ya MRI pale mezani, goti hakuligusa hata kwa kidole, dakika tano tu akaanza kuongelea tarehe ya operesheni. Nkatoka pale nimeshika bahasha kubwa kama nimepewa hukumu. Shemeji yangu ndo akanambia tafuta daktari wa pili kwanza, wa pili akanilaza, akalikunja goti, akalizungusha, akabonyeza ule mstari wa kiungo, akaniuliza linajifunga? linakukatikia ukitembea? Nkamwambia hapana, linauma tu nikishuka ngazi na nikikaa sana kwenye daladala. Akasema meniskasi ya mtu wa miaka 44 ikionekana imechanika sio habari, inaweza kuwa ilichanika zamani, siku ile ya mpira umeichokoza tu.

Nlidhani ananituliza, kumbe kweli. Kuna utafiti wa Framingham, Marekani, uliotoka 2008, walichukua watu 991 wa miaka 50 hadi 90 wakawapiga MRI bila kujali wanaumwa au la, na kati ya wale waliokutwa na meniskasi iliyochanika asilimia 61 hawakuwa na maumivu yoyote ya goti mwezi ule uliopita. Yaani ni kama mvi, zipo, ila sio lazima ziwe ndo kinachokuumiza kichwa.

Alafu kuna huu wa Finland wa 2013, mi nliposoma nlicheka mwenyewe. Wagonjwa 146 wa miaka 35 hadi 65, meniskasi ya ndani imechanika kwa uchakavu, wote wakaingizwa chumba cha upasuaji, wote wakaingizwa kamera gotini. Nusu wakakatwa kile kipande kilichochanika, nusu wakafanyiwa maigizo, daktari anaomba vyombo, anavisukuma sukuma, anachezesha goti, muda unaenda, alafu wanafunga. Mgonjwa hajui yuko kundi gani. Baada ya miezi 12 makundi yote mawili yamepata nafuu, na tofauti ya maana haipo! Mwaka 2017 jopo la wataalamu kwenye jarida la tiba la Uingereza, BMJ, likasema wazi kwamba kwa magoti yaliyochakaa karibu wagonjwa wote wasifanyiwe hii operesheni ya kamera.

"Basi operesheni zote ni wizi tu"

Haya sasa watu wakisikia ya Finland wanarukia huku. Kule Finland walioumia kwa ajali ya ghafla hawakuchukuliwa, wenye goti lililojifunga hawakuchukuliwa, kwa hiyo yale majibu yalinihusu mimi, mpwa wangu hayamhusu kabisa.

La kwake meniskasi ilichanika kwa urefu, kipande kikapinduka kikaingia katikati ya kiungo kama mkono wa ndoo ulioangukia ndani, ndo maana goti halinyooki, kuna kitu kimekaa mlangoni. Mazoezi hayatoi kitu kama hicho. Na hapa niseme kuhusu wakandaji, maana alishaitwa mzee mmoja na mafuta ya nazi, anasifika kweli mtaani, akataka dogo ashikiliwe mabega yeye avute mguu. Dada yangu akakataa, akasimama mlangoni kabisa, na ndo aliokoa goti lile. Goti lililojifunga ukilivuta kwa nguvu unaweza kuchana zaidi kile kipande ambacho kingeshonwa.

Na kushona ndo neno lenyewe, manake watu wengi tunajua "operesheni ya goti" kama kitu kimoja, kumbe kuna kukata na kuna kushona. Kukata wanapunguza kile kipande kinachoning'inia, unatembea mapema, wiki chache uko kazini, lakini washa imepungua na haioti tena. Zamani walikuwa wanaitoa meniskasi yote, 1948 daktari Fairbank wa Uingereza akaonyesha kwenye eksirei jinsi magoti ya namna hiyo yanavyobadilika, na leo inajulikana wazi kuitoa yote kunaliharakishia goti uchakavu. Kushona unabaki na washa yako ila unalipa kwa muda, magongo, kifaa cha kushikilia goti, wiki kama sita hulikunji sana, mpira ni miezi minne mpaka sita au zaidi, na nyuzi nyingine hazishiki unarudi tena mezani. Kijana, mchaniko mpya, upande wenye damu, hapo kushona kuna maana. Dogo alishonwa.

Kwa hiyo ukikaa na daktari usimuulize "nipasuliwe au nisipasuliwe" tu, muulize mchaniko wangu ni wa kuumia au wa uchakavu, uko upande wenye damu au usio na damu, unataka kukata au kushona, na ukiingia ukakuta haishoniki utafanyaje, ACL yangu, ile kano ya katikati ya goti, ipo salama, na nikifanya fizio, yaani mazoezi ya tiba, miezi mitatu kwanza kuna kitu kitaharibika? Hilo la mwisho ndo lenye uzito zaidi. Mimi jibu lilikuwa hapana, hakiharibiki kitu. Mpwa wangu jibu lilikuwa ndio, kila wiki inayopita kipande kinasagika.

"Ukichanika gegedu tulia, usitembeze goti"

Siku za mwanzo sawa, barafu, mguu juu, punguza mizunguko. Baada ya hapo kutulia ndo kuumwa kwenyewe. Gegedu la kwenye ncha za mifupa halina mishipa ya damu, linakula kutoka kwenye ule ute, na ute unaingia na kutoka pale goti linapokanyagwa na kuachiwa, kama sponji ya kuoshea vyombo. Goti lisilotembea linashinda njaa.

Na paja linapungua haraka ajabu. Fizio wangu siku ya kwanza alitoa futi ya fundi cherehani mfukoni, akapima paja la kushoto akaandika, akapima la kulia, sentimita mbili pungufu, na hapo nna wiki tano tu tangu niumie. Kazi yetu wiki 12 ilikuwa kurudisha zile sentimita mbili. Kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika mikono, kupanda tofali moja na kushuka taratibu, kukaza paja mguu umenyooka, vitu vya kijinga kabisa ukiviangalia, ila seti ya tatu unatetemeka kama umepigwa na umeme. Wiki ya nne nlitaka kuacha. Wiki ya nane ngazi za ofisini nkazishuka bila kushika ukuta.

Ila nisiwadanganye kwamba fizio inamtosha kila mtu. Marekani kuna utafiti mwingine wa 2013, watu 351 wa miaka 45 kwenda juu, walioanzia fizio na walioanzia kisu baada ya miezi sita walikuwa karibu sawa, lakini kama asilimia 30 ya waliopangiwa fizio hawakuvumilia wakaenda kupasuliwa ndani ya hiyo miezi sita. Hawakupoteza kitu kwa kuanza na mazoezi, ndo maana ya huo utafiti mimi ninavyouelewa.

Uzito nao, sipendi kuuongelea manake kitambi ninacho, ila kilo moja ukiipunguza goti linapunguziwa kama kilo nne kila hatua. Mi nimetoa sita. Piga hesabu mwenyewe.

"Chomwa sindano, unapona"

Sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe, inatuliza maumivu wiki kadhaa, kama limewaka moto na huwezi hata kuanza mazoezi inaweza kukusaidia uanze. Kuijengea mazoea ndo tatizo. Utafiti wa 2017, watu 140, wengine steroidi kila miezi mitatu kwa miaka miwili wengine maji ya chumvi, wa steroidi wakapoteza gegedu zaidi na maumivu wala hayakutofautiana na wa maji ya chumvi.

"Kukimbia kunasaga magoti"

Kwa mkimbiaji wa kawaida wa asubuhi hapana. Walipokusanya tafiti mbalimbali 2017 wakimbiaji wa kujifurahisha wenye uchakavu wa nyonga au goti walikuwa asilimia 3.5, wanaoshinda wamekaa 10.2. Wa mashindano ndo walikuwa juu, 13.3. Na goti kulia "ko ko" bila maumivu wala uvimbe, liache lilie.

"Ukipasuliwa hutoswali wala hutochuchumaa tena"

Hii ilimfanya dada yangu alie kabisa. Ukweli ni kwamba goti lililoshonwa linakatazwa kuchuchumaa kwa miezi kadhaa, kwa sababu ukikunja mpaka mwisho uzito wote unakaa nyuma ya meniskasi pale pale penye nyuzi, baada ya hapo wengi wanarudi taratibu. Hicho kipindi cha kati ndo watu hawajiandai. Choo chetu cha kuchuchumaa, tukachukua kiti cha plastiki tukakitoboa katikati kwa kisu cha moto, msikitini akawa anaswali kwenye kiti safu ya mwisho na wazee, akataniwa sana, akazoea. Kingine cha kujua kabla, ukitoka theatre alafu kigimbi cha mguu kikavimba na kuuma, au goti likawa la moto na una homa, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda siku hiyo hiyo, inaweza kuwa damu imeganda au bakteria wameingia.

Sa hivi dogo yuko mwezi wa tano, fizio kamruhusu kukimbia mstari mnyoofu tu, mpira bado, ila juzi nimemkuta anapiga danadana nyuma ya nyumba kwa mguu wa upande mzima akidhani hamna anaemuona. Mimi Jumapili nachezesha, filimbi tu. Ule upande wa ndani bado unanikumbusha nikigeuka ghafla, nimeupa mpaka Desemba, ukianza kujifunga au kunikatikia narudi kwa yule daktari wa pili na ile bahasha tukaongelee kisu upya.