Je, wajua kwa nini rejeta imejaa na lori bado linachemsha?

Mtu kamwaga maji yote ya lori kuukuu la jeshi, kabadilisha mipira ya kupitishia maji, kafunga koki, kamimina maji mapya mpaka yakafika mdomoni mwa rejeta. Anawasha. Baada ya muda mvuke unafuka na maji yanaruka nje. Kwa nini, wakati alijaza mwenyewe? Kwa sababu alijaza rejeta tu. Ndani ya injini bado mna upepo.

Tuchukue lori ninalolipenda kuliko mengine yote, GMC CCKW la Marekani: injini ya petroli, silinda 6, lita 4.4. Yalitengenezwa zaidi ya 500,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1944 yalibeba mafuta na risasi kutoka Normandy, Ufaransa, kuwafuata wanajeshi waliokuwa wakisonga mbele, katika misafara iliyoitwa Red Ball Express, na wengi wa madereva wake walikuwa Wamarekani weusi. Mpaka leo yapo yanayotembea, na wanaoyatunza bado wanahangaika na upepo.

Fuata njia ya maji. Pampu huyavuta kutoka chini ya rejeta na kuyasukuma ndani ya bloku, yaani mwili wa injini, yakazunguka silinda, yakapanda kwenye hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda, kisha yakafika kwenye thamostati. Thamostati ni kilango kinachojifunga injini ikiwa baridi na kufunguka maji yakipata moto. Sasa wewe unajaza injini ikiwa baridi, kilango kimefungwa. Maji yanapanda kutoka chini, upepo unakimbilia juu, unakuta mlango umefungwa, unabaki hapohapo kwenye hedi. Na hedi ndiyo yenye moto mkali, maana mafuta yanalipukia chini yake. Thamostati nyingi zina kitundu kidogo cha kupitisha upepo, lakini kwenye gari lililokaa miaka mingi kitundu hicho huzibwa na kutu.

Madhara yake ni makubwa. Kwa ongezeko lilelile la joto, lita moja ya maji hubeba joto zaidi ya mara 3,000 ya lita moja ya hewa, kwa hiyo chuma kinachoguswa na upepo hakina cha kukipooza. Pampu nayo mabawa yake yameumbwa kusukuma maji. Yakijaa upepo yanazunguka bure. Ninachokiogopa zaidi ni geji ya joto. Kihisio chake kikikaa kwenye upepo, mshale unaweza kutulia upande wa baridi huku hedi inaungua, na dereva anaendelea na safari akiwa na amani.

Ndiyo maana fundi mzoefu hana haraka. Analiegesha lori pua ikielekea mlimani, ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu. Kama kuna skrubu ya kutolea upepo karibu na thamostati anailegeza. Kama haipo, analegeza mpira wa juu, ule unaotoka kwenye thamostati kwenda rejeta. Anamimina kidogokidogo. Maji yanamezwa, yanatoa sauti ya kibuyu kinachojazwa, povu linapanda, yanashuka tena. Kila baada ya muda anaukamua ule mpira kwa mkono, akikamua na kuachia, na mapovu yanatoka mdomoni. Pale penye skrubu kwanza hutoka pumzi, kisha mate yenye povu, halafu maji matupu. Hapo ndipo anapokaza.

Kisha anawasha injini, kifuniko kikiwa bado wazi, na kusubiri. Ameshika mpira wa juu: baridi, baridi, halafu ghafla unapata moto. Kilango kimefunguka. Maji ndani ya rejeta yanashuka, kwa kuwa upepo uliobanwa umepata njia, naye anaongeza. Lakini rejeta iliyofungwa ikapata moto haifunguliwi hata kidogo, wala maji baridi hayamiminwi kwenye injini iliyokauka ikiungua. Chuma cha kusubu kinapasuka.

Maji yenyewe yawe laini, yaliyochanganywa na kulanti, dawa ya maji ya rejeta. Ya chumvi huacha magamba ndani ya vijia vyembamba vya rejeta. Na ukiwa mahali pa juu, lori ambalo kifuniko chake hakishikilii presha lina nafasi ndogo zaidi ya kukosea: Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100.

Kesho yake asubuhi, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua kifuniko uangalie. Kwa kawaida maji yatakuwa yamepungua kidogo, ongeza. Ila ukiwasha na mapovu yakaendelea kuja bila kukoma, siku ya pili, siku ya tatu, hata kama umetoa upepo kwa makini, huo si upepo wa kujazia tena. Ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji, na mara nyingi gasketi ya hedi, kizibo kilicho kati ya hedi na bloku, ndiyo iliyokwisha.